Kuzima na Kuwasha si Kutengeneza: Funzo la Seva za Michezo kwa Somo la Sayansi

Katika mahali pengi panapotumiwa kompyuta pamezuka desturi ambayo yafaa ichunguzwe na kila mtu apendaye sayansi. Mashine ikikwama, huzimwa, kisha huwashwa, ikirudi kufanya kazi, watu hushukuru na kuendelea na shughuli zao. Baada ya siku chache hukwama tena, nayo huzimwa na kuwashwa tena. Hakuna aulizaye ilikwama kwa sababu gani. Mwaka ukipita, desturi hiyo hugeuka kanuni, na kanuni hupewa jina la heshima: "matengenezo". Maoni yangu katika makala haya ni kwamba jina hilo halistahili. Anayezima na kuwasha bila kuuliza amefuta ushahidi wa ugonjwa na kumwachia mgonjwa ugonjwa wake. Tena naamini kwamba shule za sekondari zinaweza kuing'oa desturi hii kabla haijaota mizizi katika vichwa vya vijana ambao kesho watakabidhiwa mitambo ya umeme, ya hospitali na ya fedha.

Ili kulieleza jambo hili nimechagua mfano ambao huenda baadhi ya walimu wakaukunjia uso: seva ya mchezo wa kompyuta, wa aina ile ambayo watu wengi hucheza pamoja, kila mmoja akiigiza mhusika wake. Nimeuchagua kwa sababu tatu. Kwanza, vijana wengi wanaifahamu michezo hiyo, hata kama ni kwa kusimuliwa. Pili, seva ya mchezo ni mtambo wenye utata wa kutosha. Mambo mengi hutokea ndani yake kwa wakati mmoja, kama yatokeavyo katika mitambo mikubwa ya nchi. Tatu, ikianguka hafi mtu. Mwanafunzi aweza kuiharibu makusudi, akaitazama ikifa, akaifufua na kuiharibu tena. Ni mitambo michache mno inayomruhusu mwanafunzi kufanya hivyo.

SEVA YA MCHEZO NI NINI?

Seva ni kompyuta, au programu ndani ya kompyuta, ambayo kazi yake ni kuwatumikia wengine. Katika mchezo wa uigizaji, mmoja huwa askari, mwingine tabibu, mwingine mfanyabiashara. Kila mmoja ana mashine yake mbele yake, lakini dunia wanamoishi wahusika hao imo ndani ya seva. Seva ndiyo ijuayo nani yuko wapi, nani ana mali gani, na mlango upi umefungwa.

Michezo hii ina asili ya chuoni. Mwaka 1978, katika Chuo Kikuu cha Essex nchini Uingereza, mwanafunzi aitwaye Roy Trubshaw alianza kuandika mchezo ulioitwa MUD katika kompyuta ya chuo ya aina ya PDP-10. Mwenzake, Richard Bartle, aliuendeleza. Haukuwa na picha hata moja. Wachezaji walisoma na kuandika maneno matupu, wakatembea kwa maneno katika nchi ya kubuni na kukutana humo. Michezo ya leo yenye picha za kupendeza hufanya kazi kwa msingi huohuo.

Kazi ya seva huenda kwa mapigo, mfano wa moyo. Katika kila pigo seva hupokea maombi ya wachezaji, hukokotoa matokeo yake, kisha huwapasha habari wote wanaohusika. Seva ya mchezo wa Minecraft, kwa mfano, imepangiwa mapigo 20 kwa sekunde, yaani kila pigo lina milisekunde 50 tu. Kazi ya pigo moja ikizidi muda huo, pigo linalofuata huchelewa, na wachezaji huona dunia yao ikisuasua.

Hapa hisabati ya darasani inatufaa. Tuseme kila mchezaji akisogea, wenzake wote walio karibu hawana budi kujulishwa. Wakiwapo wachezaji n, idadi ya habari za kupelekwa ni n(n – 1). Wachezaji 10 huhitaji habari 90. Wachezaji 100 huhitaji 9,900. Wachezaji 1,000 huhitaji 999,000. Idadi ya watu imeongezeka mara 100, lakini kazi imeongezeka zaidi ya mara 11,000. Anayeijua hesabu hii hatashangaa kuona seva iliyokuwa na afya njema asubuhi ikizimia jioni, wachezaji wanapokusanyika mahali pamoja.

Kampuni ya CCP ya Iceland, yenye mchezo uitwao EVE Online, ililikabili tatizo hilo kwa njia ya kuvutia. Tangu mwaka 2012, mahali penye msongamano mkubwa wa wachezaji, seva yao hupunguza mwendo wa saa ya mchezo wenyewe, hata kufikia asilimia 10 ya mwendo wa kawaida. Katika pambano kubwa lililoanza tarehe 27 Januari 2014, ambalo lilidumu kwa saa 21 hivi na kuwashirikisha wachezaji zaidi ya 7,000, saa ya mchezo ilikwenda kwa kujikokota, lakini seva haikuanguka. Wasingeweza kufikia ufumbuzi huo kama hawangejua kwanza kwamba tatizo ni wingi wa kazi ndani ya kila pigo. Ujuzi wa chanzo ndio uliozaa dawa.

KWANZA, KOSA LIKO WAPI?

Mchezaji akiona mambo yanasuasua, husema mara moja, "Seva mbovu." Huo ni uamuzi uliotangulia ushahidi. Kati ya kidole chake na dunia ya mchezo kuna mashine yake mwenyewe, kuna waya au mawimbi hadi kwa kampuni ya intaneti, kuna kebo za nchi kavu na za baharini, na ndipo kuna seva. Mtafiti mwema huikata njia hiyo vipandevipande na kukipima kila kipande peke yake.

Baadhi ya ucheleweshaji hauwezi kuondolewa na fundi yeyote. Nuru ndani ya uzi wa kioo husafiri kwa kasi ya kilomita 200,000 hivi kwa sekunde. Ikiwa mchezaji yuko Dar es Salaam na seva iko Ulaya, umbali wa kebo wa tuseme kilomita 10,000, ujumbe utachukua milisekunde 50 kwenda na 50 kurudi, hata kama njiani hapana kizuizi chochote. Hayo ni mapigo mawili ya seva ya mapigo 20. Kuizima na kuiwasha seva hakutapunguza hata milisekunde moja.

Tena kosa laweza kuwa baharini. Tarehe 12 Mei 2024 kebo mbili zinazopita katika bahari ya Hindi, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu, na intaneti ikadorora katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwemo. Siku hiyo mtu angeweza kuibadilisha kompyuta yake yote, asipate nafuu yoyote. Swali la kwanza la mtafiti, basi, ni hili: je, tatizo hili linampata mmoja, linawapata wa mji mmoja, au linawapata wote? Swali hilo halina gharama, na aghalabu hupunguza kazi kwa nusu.

KUSAKA KWA NUSU

Kupunguza kwa nusu ni mbinu yenye nguvu kuliko inavyodhaniwa. Seva za uigizaji aghalabu hazina programu moja tu. Msimamizi huweka programu ndogondogo nyingi: moja ya kazi ya polisi, moja ya benki, moja ya magari, moja ya hali ya hewa. Tuseme kuna programu ndogo 64 na mojawapo inaizuia seva kupumua. Msimamizi asiye na mbinu atazijaribu moja baada ya moja, na huenda akafanya majaribio 63. Mwenye mbinu atazisimamisha 32 na kuziacha 32. Tatizo likibaki, limo katika zilizoachwa. Likitoweka, limo katika zilizosimamishwa. Kisha atabakiwa na 16, na 8, na 4, na 2, na mwisho 1. Majaribio 6 yametosha, kwa kuwa 2 kwa kipeo cha 6 ni 64. Zingekuwa programu 1,000, majaribio 10 yangetosha.

Hata hivyo mwanafunzi na afundishwe pia mipaka ya mbinu hii. Inategemea mambo mawili: kwamba kosa linaweza kurudiwa kila tunapotaka, na kwamba chanzo ni kimoja. Kama kosa hutokea pale tu programu ya benki inapokutana na programu ya magari, kila moja ikijaribiwa peke yake itaonekana salama. Kila mbinu ya sayansi ina masharti yake, na asiyeyajua masharti hayo hajaijua mbinu.

BATLI YA SEVA

Mabaharia wa pwani yetu wanalijua neno batli, yaani daftari la chombo ambamo huandikwa habari za safari. Seva nayo ina batli yake. Ni faili ambamo kila tukio la maana huandikwa pamoja na saa yake: nani ameingia, nani ametoka, ombi gani limekataliwa, pigo lipi limechelewa. Batli nzuri humwezesha mtu ambaye hakuwapo kuyajua yaliyotokea. Seva isiyo na batli ni kama maabara ambamo hakuna aandikaye vipimo.

Angalia jinsi batli inavyofichua jambo ambalo kuzima na kuwasha hulificha. Programu nyingi huwa na kasoro iitwayo kuvuja kwa kumbukumbu. Mchezaji akiingia, hutengewa sehemu ya kumbukumbu ya mashine; akitoka, sehemu hiyo yapasa irudishwe, lakini kwa kosa la mwandishi hairudishwi yote. Tuseme kila aingiaye na kutoka huacha megabaiti 2 zikiwa zimeshikwa bure, na watu huingia mara 500 kwa siku. Hizo ni megabaiti 1,000 kwa siku. Mashine yenye nafasi ya megabaiti 8,000 itaanguka siku ya 8. Msimamizi atasema, "Seva huchoka kila wiki," naye ataizima na kuiwasha kila Jumapili. Kwa muda mambo yatakuwa mema.

Lakini mashine haichoki kwa siku. Inajaa kwa idadi ya watu. Likizo ikifika na watu wakaingia mara 1,000 kwa siku, seva itaanguka siku ya 4. Mchezo ukipendwa hadi watu waingie mara 4,000 kwa siku, itaanguka kila siku, na kuzima Jumapili hakutasaidia kitu. Yaani dawa ya uongo huacha kufanya kazi hasa siku ile ambayo huduma inahitajiwa na watu wengi zaidi. Mwanafunzi angechora grafu mbili kutokana na batli, moja ya kumbukumbu dhidi ya siku na nyingine ya kumbukumbu dhidi ya idadi ya walioingia, angeona kwamba ya pili ni mstari ulionyooka na ya kwanza si hivyo. Mstari huo ndio unaomwonyesha mahali pa kutafuta.

SAA 73 ZA ROBLOX

Tusidhani kwamba haya ni mambo ya wasiojua kazi. Tarehe 28 Oktoba 2021 jukwaa la michezo la Roblox la Marekani, ambamo mna michezo mingi ya uigizaji na ambalo wakati huo lilitembelewa na wachezaji wapatao milioni 50 kwa siku, lilizimika kwa saa 73. Wahandisi wake walifanya jambo la kuigwa: mwezi Januari 2022 walichapisha taarifa ndefu ya yote waliyoyajaribu, pamoja na yale yaliyoshindikana. Taarifa hiyo yafaa isomwe kama taarifa ya jaribio la maabara.

Katikati ya mtambo wao palikuwa na programu iitwayo Consul, ambayo tunaweza kuilinganisha na masjala: huduma mbalimbali huiuliza huduma nyingine ziko wapi na kama zi hai. Masjala hiyo ilianza kujibu polepole. Dhana yao ya kwanza ilikuwa kwamba mashine moja ni mbovu. Wakaibadilisha, hali isibadilike. Dhana ya pili ilikuwa kwamba kazi imezidi nguvu za mashine. Wakaweka mashine mpya zenye viini 128 vya kuchakatia badala ya 64. Hali haikupata nafuu. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kwamba mashine hizo mpya ziliuzidisha ugonjwa. Kisha waliisimamisha masjala na kuirudisha katika hali iliyokuwa nayo kabla ya ugonjwa, kwa kutumia nakala ya akiba. Ilipona kwa muda, halafu ikaugua vilevile. Huko ndiko kuzima na kuwasha, kulikofanywa na wataalamu wa hali ya juu, nako hakukuponya.

Ilipofika hapo waliacha kubadilisha mashine, wakaanza kupima muda wa programu unatumika wapi. Walikuta kwamba kipengele kipya cha kupelekea habari, kilichokusudiwa kupunguza kazi ya mashine, kilizifanya sehemu za programu zigombanie njia moja pale maombi ya kusoma na ya kuandika yanapokuwa mengi kwa pamoja. Kipengele hicho kilikuwa kimetumika salama kwa miezi kadhaa katika baadhi ya huduma zao, na siku moja kabla ya kuzimika kilikuwa kimefunguliwa kwa huduma nyingine kubwa. Sasa twaweza kufahamu kwa nini viini vingi zaidi vilileta madhara: ukiongeza watu wanaosukumana katika mlango mmoja mwembamba, hutoki haraka zaidi. Walipokifunga kipengele hicho, masjala ilipata nafuu mara moja.

Palikuwa na kasoro ya pili pia. Hazina ya kumbukumbu ya masjala ilitunza orodha ya kurasa zake zilizo tupu, na kila ilipoandika habari mpya iliiandika upya orodha hiyo nzima. Habari yenyewe ilikuwa kilobaiti 16 au chini yake. Orodha ilikuwa megabaiti 7.8. Ni sawa na karani ambaye, kila anapoingiza mstari mmoja katika daftari, hulazimika kwanza kunakili upya orodha ya kurasa zote ambazo hazijaandikwa.

Nawaomba walimu watazame mpangilio wa kazi hiyo: dhana, jaribio, kukataliwa kwa dhana, kipimo, dhana mpya. Dhana zilizokataliwa hazikuwa aibu. Kila moja iliupunguza uwanja wa kutafutia.

UGONJWA ULIOTOROKA

Kuna kisa kingine kinachoonyesha kwamba hitilafu iliyochunguzwa yaweza kuwa na thamani kuliko mtambo wenyewe. Tarehe 13 Septemba 2005 mchezo wa uigizaji wa World of Warcraft uliongezewa pango jipya lenye adui aitwaye Hakkar. Adui huyo aliwapiga wachezaji kwa ugonjwa wa kubuni ulioambukizwa kwa kukaribiana. Ilikusudiwa kwamba ugonjwa huo usitoke nje ya pango. Lakini wachezaji wengine walikuwa na wanyama wa kufuatana nao, ambao waliweza kuondolewa kwa muda na kuitwa tena popote. Mnyama aliyeugua pangoni aliondolewa akiwa mgonjwa, akaitwa mjini akiwa bado mgonjwa. Katika baadhi ya seva miji ilijaa maiti za wahusika. Wachezaji wachanga walikufa papo hapo, na wahusika wanaoendeshwa na seva yenyewe waliubeba ugonjwa bila kufa, wakauambukiza kwa wapita njia. Amri ya kuwatenga wagonjwa ilitolewa, wengi hawakuitii. Mwishowe kampuni iliwasha seva upya na kubadilisha kanuni ili wanyama wasiweze kuuchukua ugonjwa huo.

Kosa lilikuwa wapi? Kanuni ya ugonjwa ilikuwa sahihi. Kanuni ya kuwaondoa na kuwaita wanyama nayo ilikuwa sahihi. Kosa lilikuwa katika makutano yao, ambayo hakuna aliyeyafikiria. Tena tazama kwamba kuwasha upya peke yake kusingefaa kitu. Mnyama wa kwanza kutoka pangoni angeanza yote upya. Dawa ilikuwa ile kanuni iliyobadilishwa. Mwaka 2007 wataalamu wa magonjwa ya kuambukiza waliandika juu ya kisa hiki katika majarida ya kisayansi, likiwamo The Lancet Infectious Diseases, wakionyesha kwamba mienendo ya wachezaji, wakimbiao, wasaidiao na waambukizao makusudi, ina mafunzo kwa wanaochunguza milipuko ya kweli. Kosa la mchezo liligeuka kuwa data kwa sababu walikuwapo watu waliolitazama kwa macho ya kuuliza.

PINGAMIZI NA MAJIBU

Nasikia pingamizi la kwanza: hospitalini mgonjwa anangoja, na mtambo lazima urudi sasa hivi, hapana wakati wa falsafa. Nakubali. Kuwasha upya ni huduma ya kwanza, na huduma ya kwanza huokoa maisha. Lakini hakuna tabibu amfungaye majeruhi bandeji na kumwambia arudi nyumbani bila kutazama kama mfupa umevunjika. Kabla ya kuzima, dakika tatu zinatosha kunakili batli, kuandika saa, idadi ya watumiaji, kiasi cha kumbukumbu kilichotumika, na badiliko la mwisho lililofanywa. Baada ya kuwasha, uchunguzi uanze juu ya ushahidi huo. Ninalolipinga ni kuifanya huduma ya kwanza kuwa tiba ya mwisho.

Pingamizi la pili ni kwamba michezo hupoteza muda wa wanafunzi. Kuicheza usiku kucha hupoteza muda, ndiyo. Kuchunguza kwa nini seva yake imekufa ni fizikia, hisabati na mantiki kwa pamoja.

Pingamizi la tatu ni zito zaidi: shule nyingi hazina kompyuta za kutosha, na nyingine hazina umeme wa kutegemewa. Kwa hiyo napendekeza zoezi ambalo halihitaji umeme hata kidogo.

ZOEZI LA KARATASI

Mwalimu awateue wanafunzi wawili wawe makarani. Hao wawili ndio seva. Mezani iwekwe karatasi moja iliyoandikwa "Duka: panga 1". Wanafunzi wengine ni wachezaji, nao hupeleka maombi kwa vikaratasi. Kila karani afuate amri hizi bila kufikiri: soma idadi ya panga, kama si sifuri, hesabu polepole hadi 5, andika idadi iliyopungua kwa moja, mpe mchezaji hati ya panga. Wachezaji wawili waombe kwa wakati mmoja, kila mmoja kwa karani wake. Makarani wote wawili watasoma "1", watahesabu, wataandika "0", na watatoa hati mbili za panga moja. Hakuna karani aliyekosea amri yake, lakini mali imezaliwa bila mwenyewe kujua. Hitilafu hii ya kurudufika kwa mali inajulikana sana katika michezo ya uigizaji, na katika mtambo wa fedha ingekuwa wizi.

Sasa darasa litafute dawa. Dawa mojawapo ni kalamu moja: asiyeishika haruhusiwi kusoma wala kuandika. Hati mbili hazitatokea tena, lakini foleni itaanza, na muda wake upimwe kwa saa. Wanafunzi wataona kwamba usalama una gharama yake.

Kisha ziwekwe karatasi mbili, moja ya duka na moja ya fedha, kila moja na kalamu yake. Karani wa kwanza aagizwe kuchukua kalamu ya duka kwanza, ndipo ya fedha. Wa pili aanze na ya fedha, ndipo ya duka. Punde kila mmoja atakuwa ameshika kalamu moja na kuingoja nyingine, nao watangojana mpaka kengele ilie. Hivyo ndivyo seva ikwamavyo bila sehemu yoyote kuharibika. Waulizwe: je, tukiwaondoa makarani hao na kuwarudisha mezani na amri zilezile, tutakuwa tumetengeneza nini? Atakayegundua kwamba inatosha wote wawili kuagizwa waanze na kalamu ya duka, huyo amefikia mwenyewe kanuni ambayo waandishi wa programu huitegemea kila siku.

Shule yenye kompyuta moja tu yaweza kwenda mbele zaidi kwa kuandika mchezo mdogo wa maneno matupu, kama ule wa Essex, katika lugha ya Python, bila intaneti. Mwalimu atie kosa moja kwa siri, na wanafunzi walitafute. Kila kikundi kiwe na daftari lenye safu nne: tulichokiona, tunachodhani, tulichojaribu, kilichotokea. Jambo moja tu libadilishwe katika kila jaribio.

Nasisitiza kwamba alama zitolewe kwa daftari. Majaribio mengi ya maabara shuleni hupangwa ili jibu linalojulikana lipatikane, na mwanafunzi ambaye kipimo chake kinakataa hushawishika kukirekebisha kimyakimya kilingane na cha jirani. Huo ndio mwanzo wa kuzima na kuwasha: kuliondoa jambo lisiloeleweka badala ya kuliuliza. Kikundi ambacho hakikulipata kosa, lakini kimethibitisha kwa majaribio matano mahali ambapo kosa haliko, kimefanya sayansi, na kistahili alama nyingi kuliko kikundi kilichobahatisha.

Mitambo tutakayokabidhiwa miaka ijayo itakuwa na utata zaidi, na mingi itatengenezwa mbali na hapa. Ikikwama, tutakuwa na njia mbili: kubonyeza kitufe na kungoja fundi wa mbali, au kuisoma batli na kuuliza maswali. Njia ya pili haiwezi kununuliwa pamoja na mashine. Hujengwa darasani, na karatasi mbili na kalamu mbili zatosha kuianza. Mwalimu atakayelifanya zoezi hili muhula huu na ajiulize, kengele itakapolia, ni wanafunzi wangapi wamebaki mezani wakibishana juu ya chanzo.